Dawa ya miti shamba imegoma, au imekudhuru: tafuta kosa hapa

Huku Kusini mwa Tanzania dawa iko uani. Mwarobaini mlangoni, mpera nyuma ya jiko, mchaichai pale maji ya bafuni yanapomwagikia, mlonge kwa jirani ambaye hakatai ukimwomba tawi. Kuanzia Kilwa mpaka Nanyamba, mtu akikohoa usiku hasubiri duka la dawa lifunguliwe, na mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na tabia yetu moja: dawa ikikataa, tunaongeza dozi. Kikombe kimoja hakikusaidia, lete viwili. Konzi moja ya majani haikutosha, tia tatu na chemsha mpaka iwe nyeusi. Madhara mengi utakayoyasoma hapa chini yanaanzia hapo.

Kabla ya kuongeza chochote, jiulize maswali manne, tena kwa mfuatano huu. Ugonjwa ndio huo unaoudhani? Mmea ndio wenyewe? Umeandaliwa inavyotakiwa? Na anayekunywa ni nani: mtu mzima mwenye afya, mtoto, mjamzito, au mtu mwenye vidonge vyake vya kila siku? Ukikosea la kwanza, hata ukipatia hayo matatu yaliyobaki, hujatibu kitu. Nimepanga kwa malalamiko kama watu wanavyoyasema. Nenda moja kwa moja kwenye lako.

"Nimekunywa mwarobaini, homa ilishuka jioni, asubuhi imerudi"

Homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe. Ukinywa mwarobaini alasiri na jasho likakutoka magharibi, utausifu mwarobaini, kumbe ungetokwa na jasho hata kama ungekunywa maji matupu. Ndiyo maana mti huu una sifa kubwa kuliko kazi yake, na ndiyo maana kesho yake unashangaa.

Kosa hapa kwa kawaida ni lile swali la kwanza. Hujapima. Kipimo cha kutoboa kidole kipo zahanati, na majibu hutoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Kikionyesha malaria, dawa ni mseto, ambayo Tanzania iliichagua kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006, na unaimaliza dozi yote hata kama siku ya pili umeshapata nguvu za kwenda shamba.

Hapo kuna anayejibu: mbona mseto wenyewe umetoka kwenye majani? Ni kweli. Artemisinini hutokana na mmea wa artemisia, na mwanasayansi wa China aliyeigundua, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kunywa chai ya majani hayo kutibu malaria. Kiasi cha dawa kilichomo hubadilika kati ya shamba na shamba, na kati ya birika na birika. Kinaweza kutosha kuwapiga vimelea bila kuwamaliza, na wanaobaki ndio wanaozoea dawa. Kama artemisia inayofahamika kiasi hicho ina shida hiyo, mwarobaini wa mlangoni kwako usiupe kazi hiyo.

Na kipimo kikisema hakuna malaria? Watu wengi huishia kusema kipimo ni kibovu, wanarudi kwenye sufuria. Usifanye hivyo. Homa inaweza kuwa ya mkojo, ya mapafu, ya matumbo. Inaweza pia kuwa chikungunya, na hii sisi hatupaswi kuishangaa kwa sababu ilitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa hapa, kwenye nyanda za Makonde, katika mlipuko wa mwaka 1952. Dalili yake kubwa ni viungo: vifundo vya miguu, viganja, magoti vinauma mpaka mtu anatembea ameinama. Huenezwa na mbu anayeuma mchana, kwa hiyo kulala kwenye neti peke yake hakukukingi. Haina dawa ya kuua kirusi chake. Ni kupumzika, kunywa maji mengi, na paracetamol kwa kipimo chake. Aspirini na diklofenaki ziache kwanza mpaka daktari aondoe wasiwasi wa homa ya dengi, kwa sababu dengi na dawa hizo pamoja huweza kuleta kutokwa na damu. Hapa ndipo chai ya mchaichai na tangawizi ina kazi ya maana: mgonjwa aliyekataa maji matupu ataikubali chai, na anachohitaji ni maji mwilini.

Sasa la mtoto. Mtoto mwenye homa akishtuka, macho yakageuka juu, mikono na miguu ikakakamaa, hiyo ndiyo degedege, na kwa mtoto mdogo inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Pwani yote kuna imani ya zamani kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo apitishwe kwanza kwa mganga, afukizwe, aogeshwe, apakwe. Ukiifuatilia imani hiyo utaona ilivyozaliwa: watoto walipelekwa hospitali wakiwa wameshachelewa, wakafia mikononi mwa muuguzi, na sindano ndiyo ikapewa lawama. Mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie chochote mdomoni, hata kijiko, hata dawa ya majani, na uondoke naye muda huo huo. Bibi akisema asubiriwe mpaka dawa ichemke, mwambie kwa heshima zote kwamba dawa mtaikuta mkirudi.

"Baada ya kunywa, tumbo limenikata na naendesha"

Angalia saa. Ukiendesha usiku ule ule au asubuhi yake, tumbo likisokota, na ulikunywa shubiri, kosa liko kwenye utomvu. Jani la shubiri lina vitu viwili. Ute mweupe wa katikati ndio wa kupaka kwenye ngozi. Maji ya njano yanayochuruzika chini ya ganda ni dawa kali ya kuendesha, na yanapozidi hunyang'anya mwili maji na chumvi. Anayetwanga jani zima na kulinywa amekunywa hayo yote. Ukikata jani, lisimamishe wima kwenye bakuli mpaka njano yote itoke, limenye, lioshe. Hata hivyo, sioni sababu ya kunywa shubiri nyumbani kabisa. Ibaki ya ngozi.

Ukianza kuendesha siku moja au tatu baadaye, tena na homa juu yake, mmea huenda hauna kosa. Kosa ni maji. Dawa nyingi zetu "huvunjwa" kwenye maji ya baridi na kuachwa zilale, na kule juu Newala na Tandahimba, ambako maji ni shida na watu wanategemea kisima cha kuvunia mvua, maji hayo yamekaa humo miezi. Chemsha maji kwanza, yapoe, ndipo uloweke. Na dawa iliyochemshwa isizidi siku moja mezani. Ikitoa povu au harufu ya kuchacha, mwaga, usijaribu kuipasha upya.

Mnyonyo nautaja haraka. Mafuta yake ya dukani ni ya kuendesha na yana kipimo. Mbegu zake ni sumu kali, hata ukizikaanga hapo kwako. Usitwange mbegu za mnyonyo kutengeneza dawa ya kunywa.

"Majani ya mpera sasa siku ya pili, kuharisha hakukomi"

Majani ya mpera na ya mkorosho yana ukakasi, ule unaokausha ulimi. Ukakasi huo hukaza utumbo na hupunguza safari za chooni. Haurudishi maji yaliyopotea, na anayekufa kwa kuharisha anauawa na upungufu wa maji. Kwa hiyo mpera uje baada ya ORS (maji ya chumvi na sukari), usichukue nafasi yake. Pakiti zipo zahanati na maduka ya dawa. Ukiwa mbali nazo: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa mtoto. Madafu ni kinywaji kizuri, lakini chumvi yake ni ndogo, hayawezi kazi hiyo peke yake.

Mtoto apewe na zinki, kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14; wa chini ya miezi 6 nusu yake. Aendelee kunyonya. Damu kwenye choo, macho yaliyoingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, mtoto hanywi au analegea: hayo si ya mpera tena. Na choo cheupe kama maji ya mchele kinachomiminika ni kipindupindu mpaka ithibitike vinginevyo. Kimbia, na njiani endelea kumnywesha ORS.

"Dawa inawasha koo, ina harufu kama ya kiberiti"

Hili linatuhusu sisi wa korosho kuliko mtu mwingine yeyote nchini, na ni ajabu jinsi halizungumzwi. Kuanzia mvua zinapokatika, mikorosho ikianza kuchipua na kutoa maua, mashamba yanapuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, na dawa za maji dhidi ya wadudu. Msimu huo unaweza kwenda mpaka Septemba. Mashine inaponguruma alfajiri, unga ule wa njano hauchagui mti. Unatua kwenye mpera, kwenye mchaichai, kwenye mlonge ulioanika juu ya bati.

Dalili zake: chai ina harufu ya kiberiti, koo linakereketa, macho yanachoma ukijifukiza, mwenye pumu anabanwa kifua. Mtu anadhani homa imezidi, anajifukiza tena kwa majani yale yale.

Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu salfa haiyeyuki kwenye maji. Unaikuta imekaa chini ya sufuria au imeelea. Kuosha kwa maji yanayotiririka kunaondoa sehemu ya unga. Dawa za maji ni mbaya zaidi, maana nyingine huingia ndani ya jani lenyewe, na hapo hata ukiosha mara kumi hujaondoa. Kanuni yangu ni rahisi: msimu wa kupulizia, sichumi jani lililo ndani ya shamba la mikorosho au pembeni yake. Nachuma mapema, mvua zinapopungua na kabla mashine hazijaanza, naanika na kuweka akiba ya miezi ile. Mji wa Mtwara na Lindi hauna taabu hiyo sana, ila wauza majani sokoni nao wanayatoa mashambani, kwa hiyo uliza: "Mama, haya yametoka wapi?" Muuzaji mwema hakasiriki.

La mwisho kwenye hili: chupa ya dawa ya mikorosho haioshwi ikawa chupa ya asali, ya mafuta ya nazi, wala ya dawa. Hata ukiisugua kwa mchanga.

"Nakunywa kila siku, sioni kitu"

Ukishaondoa uwezekano kwamba ugonjwa ni mwingine, angalia jikoni. Majani yenye harufu, kama mchaichai, kivumbasi, mkaratusi na mnanaa, nguvu yake iko kwenye mafuta yanayoruka na mvuke. Ukiyachemsha nusu saa sufuria wazi, nyumba nzima imenukia na kikombe chako hakina kitu. Mimina maji ya moto juu yake, funika, subiri dakika 10. Mizizi na magamba ni kinyume chake: hayo yanataka kuchemka taratibu dakika 15 hadi 20, ukiyamwagia tu maji ya moto umetengeneza maji ya rangi. Tangawizi iko katikati. Iponde, ichemshe kidogo.

Vitu vichachu kama ukwaju na limau visikae kwenye sufuria za alumini, hasa zile za kuyeyusha vyuma chakavu, kwa kuwa uchachu hula chuma na hujui kilichoyeyushwa ni nini. Tumia chungu au sufuria ya stili.

Kisha angalia ulivyoanika. Jua kali la Januari hukausha haraka lakini linachoma rangi na harufu. Anika kivulini, juu ya uchanja, hewa ipite chini. Hewa ya pwani ina unyevu. Jani likiwa tayari linavunjika kwa mlio, likijikunja bado. Ukiliweka bado, baada ya wiki chache utakuta madoadoa ya kijivu na harufu ya stoo. Huo ni ukungu, na ukungu hauchujwi. Tupa mfuko wote.

"Ngozi imeungua pale nilipopaka"

Hapa kwetu mshtakiwa wa kwanza ni mafuta ya ganda la korosho. Wanaobangua kwa mkono wanayajua, ndiyo maana hupaka majivu au mafuta ya kula viganjani kabla ya kuanza. Bado kuna watu wanayapaka kwenye sunzua, kwenye nyufa za kisigino, hata kwenye choa, kwa hoja kwamba "yanakula ugonjwa". Yanakula kweli, pamoja na ngozi. Yakikugusa, osha kwa sabuni na maji mengi mara moja na usijikune. Malengelenge yakitoka usiyatumbue.

Kitunguu saumu kibichi kilichofungwa na kitambaa juu ya ngozi usiku kucha kinaacha kidonda cha moto. Limau na ndimu zina ujanja wake: ukipaka kisha ukatoka juani, ngozi inaungua na kubaki na madoa meusi kwa wiki nyingi. Kama umejipaka ndimu kwa ajili ya mba, ioge yote kabla hujatoka.

Na nyungu. Tangu 2020 kila nyumba ina nyungu, na walioungua zaidi ni watoto waliofunikwa blanketi na sufuria ya maji yaliyotoka motoni. Mvuke unafungua pua, basi. Hauui ugonjwa ulioko mapafuni. Mtoto mdogo asifukizwe. Mkubwa aweke sufuria chini, penye usawa, nje ya moto, na aache uso mbali. Aliyeungua, maji safi ya baridi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno, unga wa sembe na majani ya kutafuna havina kazi hapo. Ute wa shubiri uliooshwa unafaa baadaye, kwa jeraha dogo lisilo na malengelenge yaliyopasuka.

Muwasho unaozidi usiku, katikati ya vidole na kiunoni, na nyumba nzima inajikuna, ni upele. Maji ya mwarobaini yatakupoza, hayatawamaliza wadudu. Dawa ya upele ipakwe na wote siku moja, shuka na nguo zifuliwe na zianikwe juani, vinginevyo mnaambukizana mwaka mzima.

"Natetemeka, jasho linanitoka, kichwa chepesi"

Uliza swali la nne: mgonjwa ana sukari? Mlonge, mwarobaini, shubiri na karela vyote vinaweza kushusha sukari ya damu. Peke yake ni kidogo. Juu ya insulini au glibenklamidi, mbili zinavuta upande mmoja na sukari inaporomoka. Metfomini peke yake mara chache huleta hali hiyo, lakini wengi hawajui wanatumia ipi, wanajua rangi ya kidonge tu. Mpe mgonjwa mara moja vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, na kama amepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, mpeleke. Kisha aache ile dawa ya majani mpaka aongee na kliniki yake. Kinyume chake pia hutokea, na ndicho kinachoua wengi zaidi polepole: mtu anapewa mlonge, anajisikia vizuri, anaacha vidonge.

Kwa wa presha, rozela inashusha kidogo. Ukiinywa pamoja na dawa yako na ukawa unaona giza ukisimama, pima presha kabla ya kinywaji kingine. Anayetumia dawa ya kulainisha damu, au anayesubiri upasuaji, apunguze tangawizi na asile kitunguu saumu kwa dozi za dawa. Vya mchuzi havina neno. Anayetumia ARV asiongeze unga wowote bila kuwaambia CTC, kliniki anakochukulia dawa hizo.

"Kikohozi hakiishi"

Tangawizi, limau na asali vinalainisha koo, na kwa mafua ya kawaida hilo linatosha, kwa sababu mafua yanaondoka yenyewe. Asali ya Liwale ukiipata halisi, kijiko kimoja kabla ya kulala kinamtuliza hata mtoto. Ila mtoto hajafika mwaka mmoja, asali usimpe, hata ya kulamba kidoleni; inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvidhibiti.

Kikohozi kinachozidi wiki 2, na jasho la usiku au kukonda, peleka makohozi yapimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure. Kwa mtoto, mvue shati na uhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi, mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi. Au ukiona chini ya mbavu kunazama kila anapovuta. Hiyo ni nimonia. Kumchanja chale au kumpaka majani kifuani kunakula saa ambazo hana.

"Mtoto mchanga ana chango, analia tu"

Watoto wachanga hulia jioni na tumbo likajaa gesi. Wengi huacha wakifika miezi 3 au 4, na dawa iliyokuwa inatumika wiki hiyo ndiyo inayopata sifa. Mtoto chini ya miezi 6 hahitaji kitu zaidi ya maziwa ya mama, hata maji. Mbebe wima, mpigepige mgongo acheue. Mafuta ya mwarobaini kwa mtoto ni hatari ya wazi: yameleta kutapika, kulegea na kifafa kwa watoto waliomezeshwa hata kwa kijiko kidogo. Mchanga aliyegoma kunyonya, mwenye joto au wa baridi kupita kawaida, au mwenye njano mpaka viganjani, asisubiri chai ya mtu.

Mjamzito

Orodha ya kuacha ni shubiri, mwarobaini, mafuta ya mnyonyo, papai bichi na mbegu zake. Tangawizi kidogo kwa kichefuchefu inakubalika. Mlonge ni mboga nzuri lakini haubadilishi vidonge vya kuongeza damu. Na dawa za kuongeza uchungu, zile anazotumiwa mwali kwenye kichupa na mama mkwe, zinaweza kupasua mfuko wa uzazi. Wakunga wa hospitali wanazijua, waambie ukweli kama umeshakunywa.

"Jino"

Pamba yenye mafuta ya karafuu inatia ganzi. Tone moja, kwenye shimo tu, maana ufizi huungua. Shavu likivimba au ukishindwa kufungua mdomo, usaha umeshika, karafuu haifiki huko.

"Unga niliouziwa umenitibu magoti siku mbili, sasa uso umevimba"

Unga usio na jina, unaotuliza maumivu kama sindano na kukupa hamu ya kula ghafla, shuku kwamba umechanganywa na dawa ya hospitali, mara nyingi ya jamii ya predinisoloni. Sehemu nyingi duniani unga wa namna hiyo umekutwa na vitu hivyo. Usiuache ghafla kama umeutumia wiki nyingi. Nenda na pakiti kwa daktari akupunguzie kwa utaratibu. Tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 waganga wanasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa hiyo kumwomba muuzaji cheti si kumtukana.

"Macho yamekuwa ya njano, mkojo kama chai ya rangi"

Acha kila jani, kila unga, na pombe, hasa dawa zilizolowekwa kwenye nipa, ile pombe kali ya kienyeji. Ini linalalamika. Usitafute mti wa kutibu njano; nenda upimwe leo.

"Nina wasiwasi mmea sio wenyewe"

Wasiwasi huo una haki. Jina moja Wamakonde, Wamwera na Wayao wanaweza kuliita miti tofauti, na ukiagiza kwa simu umeagiza bahati. Mkanganyiko wa kawaida ni mwarobaini na mmelia wa kupendezesha ua. Jani la mwarobaini ni kijiti kimoja chenye vijani vya msumeno pande zote mbili. La mmelia, kijiti hicho kinatoa vijiti vingine, navyo ndivyo vyenye vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana zambarau, na matunda yake ya njano hubaki yananing'inia majani yakishapukutika. Matunda hayo ni sumu. Vivyo hivyo mbegu za mbono wa kwenye uzio, ambazo watoto huzila wakidhani ni karanga, na ndulele za njano.

Mtu akila kitu kati ya hivyo, usimtapishe kwa chumvi wala mafuta, na maziwa hayaondoi sumu. Kata tawi lenye jani na tunda, au beba masalia ya sufuria kwenye mfuko, uende navyo. Iwe hospitali ya Ligula, Sokoine ya Lindi, Ndanda au Nyangao, watakuuliza amekula nini, kiasi gani na saa ngapi, na tawi mkononi linajibu la kwanza haraka kuliko maelezo ya shangazi watatu mlangoni.